Pua ya Mwenye Nyumba

Jina lake ninalijua, lakini siliandiki. Hapa mtaani kwetu Mvara tunamwita Mwenye Nyumba, kana kwamba Arua nzima ina nyumba moja. Akiwapo anaitwa Mzee. Akiondoka anaitwa mambo mengine ambayo mama yangu amenikataza kuyaandika, ingawa mengi aliyatunga yeye mwenyewe.

Anza na pua. Si kubwa, ni pua ya kawaida tu, imekaa vizuri usoni kama za watu wengine. Ila yake inafanya kazi. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi anashuka kwenye bodaboda mbele ya lango letu, anasimama, anavuta hewa mara mbili, na kabla hajasalimia mtu ameshajua kwamba chumba cha tatu walikaanga samaki wabichi siku ya Alhamisi.

"Samaki," anasema kwa huzuni, kama mtu aliyepokea habari za msiba. Kisha anaingia kukagua.

Vyumba vyetu ni sita, vimeshikana chini ya bati moja, na vyote ni sawa: mlango mmoja, dirisha moja, na ufa mmoja ukutani unaotembea kutoka chumba cha kwanza mpaka cha sita bila kulipa kodi. Lakini hakuna vyumba viwili vinavyolipa sawa. Mwenye Nyumba hatozi chumba, anatoza vitu vilivyomo. Anapita na fimbo yake akivinyooshea kimoja kimoja. "Hii sufuria mpya." "Hii viatu ya nani?" Godoro analigonga kwa fimbo halafu anatega sikio, kama daktari anayesikiliza kifua. Ukiwa na kitu kimoja kipya, anaguna. Vikiwa viwili, kodi imepanda.

Siku moja Mama alimkabili. Mama huuza sambusa na juisi ya ukwaju shuleni, na mtu anayebishana na wanafunzi tangu asubuhi hashindwi na mzee mmoja.

"Mzee, umepandisha tena? Na bati linavuja!"

"Mama Ayikoru," akajibu taratibu (Ayikoru ni mimi), "mimi hapana pandisha. Vitu yenu ndiyo inapandisha. Mutu anakula nyama, mutu mwingine anakula majani, halafu walipe sawasawa? Hiyo iko haki?"

"Na bati, Mzee?"

"Bati inavujia watu yote sawasawa. Hiyo ndiyo haki."

Mama alifungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza kuona jambo hilo, nikatamani ningekuwa na simu ya kupiga picha. Bahati nzuri sikuwa nayo, maana ingeonekana.

Kuhusu bati, siwezi kusema hakufanya chochote. Alituletea beseni. Alilibeba mwenyewe kutoka Koboko, mji wa mpakani anakokaa siku hizi, akaliweka kwa mkono wake chini ya tone, akatuaga. Mwezi uliofuata akaingia, akaliona sakafuni, akasimama.

"Hii beseni mpya?"

Usicheke bado, ngoja nikwambie kwa nini kwetu halikuwa jambo la kucheka. Mimi niko Sinia Foo, mwaka wa mtihani wa taifa. Shule yangu iko ng'ambo ya barabara, karibu kiasi kwamba natoka kitandani kengele ikilia na kumtangulia mwalimu darasani. Mama anauzia kwenye geti la shule hiyohiyo. Mapema mwaka huu alinikalisha, akaniambia bila kupindapinda: Mwenye Nyumba akipandisha mara moja tu tena, tunahamia Pajulu, nje ya mji, kwa mjomba. Kutoka Pajulu ningekuwa nafika baada ya somo la kwanza, miguu imejaa vumbi. Na Mama angepoteza geti, kwa sababu nafasi ya getini ukiiacha asubuhi moja, saa sita utakuta mwenzako amekwisha kuwasha jiko. Hakuna geti, hakuna ada. Hakuna ada, mtihani nitausikia redioni. Kwa hiyo pua ya mzee yule ilikuwa imesimama kati yangu na cheti changu.

Ndiyo maana tulijifunza kuwa maskini. Maskini tulikuwa tayari, jamani, lakini umaskini mtupu ulikuwa haumtoshi Mwenye Nyumba. Ulitaka kupambwa kidogo.

Tulikuwa na pazia la ushirika. Mwanzo lilikuwa la Baba Sunday, fundi cherehani wa chumba cha pili: limechanika, limeungua pembeni, na katikati kuna tausi asiye na kichwa. Jumamosi ya ukaguzi pazia hilo lilimtangulia mzee. Akitoka chumba cha pili, sisi tunalivuta kwa dirisha la nyuma, tunakimbia nalo, tunalitundika cha tatu. Ilienda vizuri mpaka siku aliyokuja amefuatwa na njaa, akafanya haraka, akaingia chumba cha tano na kumkuta tausi bado anapepea.

Akalishika pazia kwa vidole viwili. "Habari yako?" akaliuliza. "Wewe nimekuacha namba mbili. Umefikaje mbele yangu?"

Chumba cha tano ni cha Mama Keji, mama mfanyabiashara kutoka Sudani Kusini, ambaye uso wake haujui kushtuka. "Mzee," akasema, "maskini wote tunanunua duka moja."

Mzee akafikiri, akakubali. Tangu siku hiyo akawa analisalimia pazia kila mwezi, katika kila chumba alichokutana nalo, kwa heshima zote.

Huyohuyo Mama Keji ndiye aliyenunua televisheni. Tuliiingiza ndani ya gunia la mkaa, na Jumamosi ilipofika akaifunika kitambaa cheupe, akaweka msalaba juu, mishumaa miwili na maua ya plastiki. Usingeijua. Ilikuwa madhabahu nzuri kuliko ya kanisani kwetu.

Mwenye Nyumba alipoiona alivua kofia. Ni mtu wa sala yule, sala za kweli, na nyingi zina habari za kodi. "Tuombe," akasema. Tukainamisha vichwa. Akaombea wagonjwa, akaombea mvua, akaombea barabara ya Koboko pamoja na madereva wake. Akafika kwetu. "Na wapangaji yangu, Bwana, wabariki. Wape chakula, wape vitu. Na ukiwapa, Bwana, nionyeshe."

Umeme ulikuwa umekatika siku mbili. Ulichagua dakika ile kurudi. Chini ya kitambaa cheupe sauti ya mwanamke ikapaa kwa furaha: "Nguo zako ziwe nyeupe kama mpya!"

Mwenye Nyumba hakufumbua macho. "Amina," akasema. "Bwana amenionyesha."

Sasa ungekuwa ni wewe ungemchukia, na mimi nilijitahidi sana. Shida ni kwamba alikuwa hachukiki mpaka mwisho. Mwaka jana mtoto wa Baba Sunday alilazwa wiki tatu, na Baba Sunday akauza cherehani. Jumamosi mzee akaingia chumba cha pili na fimbo yake, ikaenda moja kwa moja kwenye kona ya cherehani, ikakuta alama nne za miguu sakafuni.

"Iko wapi?"

"Nimeuza, Mzee. Ya hospitali."

Akazigusa alama zile kwa fimbo, moja moja, kama anazihesabu. Kisha akateremsha kodi ya Baba Sunday. Hakuombwa. Akaiteremsha mpaka chini kuliko ilivyokuwa siku Baba Sunday alipohamia, akatoka amenuna kama yeye ndiye aliyenyang'anywa cherehani. Baada ya miezi kadhaa Baba Sunday akapata nyingine. Mzee akaiona, akapandisha papo hapo, wakapeana mikono. Sisi wengine tukabaki tunatazamana. Mtu anayekuonea siku zote unajua utamfanya nini. Huyu mwenye mahesabu yake ya haki kichwani, anayeyafuata hata yakimuumiza mfukoni, utamshika wapi?

Halafu kulikuwa na "kwangu Koboko". Nyumba kubwa ya mbele, ile yenye kibaraza, alikuwa akikaa yeye mwenyewe zamani. Miaka mitatu iliyopita wakaja watu wa shirika fulani wenye gari jeupe, wakaipanga, yeye akahamia Koboko. Kuanzia hapo ikawa wimbo. "Kwangu Koboko hapana vumbi kama hii." "Kwangu Koboko, saa moja mimi nimeoga." Tukaelewa kwamba amejenga jumba. Jioni tukikaa uani tulimjengea pia sisi: Baba Sunday akamwekea vigae, Mama Keji akamwekea ghorofa, mimi nikamwekea mbwa anayekula nyama kila siku na mlinzi wa kumfungia mbwa kamba za viatu. Mama akasema natia chumvi, mbwa havai viatu. Nikamwambia wa Koboko anavaa.

Basi muhula wa pili ukaisha vibaya. Getini alikuwa amekuja mama mwingine na juisi yake ndani ya sanduku la barafu. Wanafunzi ni wasaliti, mimi nikiwa mmoja wao. Jua likiwaka hatuangalii undugu. Mama akawa anarudi nyumbani na ndoo nusu.

Mama mdogo wangu anakaa Koboko. Alikuwa na kibanda cha soda, kikafungwa, akabaki na friji. Akatuma ujumbe: ichukueni, mtalipa polepole. Friji ingeleta juisi baridi, juisi baridi ingerudisha wateja, na ada ya mtihani ingepatikana kabla ya tarehe. Lakini friji huwezi kuigeuza madhabahu. Inanguruma. Friji ingetosha kupandisha kodi ya vyumba vyote sita, na ya watu wa shirika juu yake.

Mama alikaa na jambo hilo siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Nenda Koboko ukaiangalie. Ikiwa mbovu, Mungu ameamua." Ikiwa nzima je? Hapo aliendelea kukunja sambusa.

Nilifika Koboko saa nne asubuhi. Mama mdogo amepanga chumba kwenye ua wa mama mmoja anayeitwa Hajjati: vyumba vinne, na mbele yake mkeka, na juu ya mkeka Hajjati mwenyewe na tasbihi yake. Nilikuwa nimeshika sambusa za Mama kwenye mfuko. Mama mdogo akanivuta ndani kabla sijamaliza salamu.

"Usile hapo nje! Hajjati akiona nyama atasema tumepata pesa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Na nyinyi pia?"

"Tangu watu waanze kuvuka mpaka na pesa zao, hapa chumba kinapanda kama homa. Cheka tu."

Friji ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima vibaya sana. Mama mdogo alikuwa ameisugua mpaka inang'aa kama jino. Nilikuwa naitazama na kuiona Pajulu ndani ya mlango wake, bodaboda ikasimama uani. Juu yake kulikuwa na godoro kubwa, jipya, bado ndani ya plastiki yake. Nyuma ya godoro kulikuwa na miguu miwili na fimbo. Fimbo ile ningeitambua hata gizani.

Godoro likashushwa. Nyuma yake akatokea Mwenye Nyumba.

Akaniona. Nikamwona anatafuta mahali pa kuweka uso wake, na pa karibu palikuwa nyuma ya godoro, akarudi palepale. Mkononi alikuwa na ufunguo. Mlango wa chumba cha nne, uliokuwa unamngoja, ulikuwa na pazia. Limechanika. Sizidishi.

"Mzee wa namba nne!" Hajjati akaita bila kuinuka.

"Ndiyo, Mama." Sauti hiyo nilikuwa sijaisikia kwake. Niliijua, lakini. Ni ile yetu ya Jumamosi.

"Hiyo nini?"

"Godoro, Mama."

"Mpya?"

Mwenye bodaboda naye akazima pikipiki ili asikie vizuri.

"Mwezi jana umenililia hapa mlangoni," Hajjati akasema. "Hapana pesa, mgongo inauma, nivumilie. Leo mgongo imepata pesa?"

"Mgongo ndiyo inauma, Mama," akasema Mwenye Nyumba, na nadhani huo ulikuwa ukweli mtupu, kwa sababu alishindwa kuupamba.

Ningeweza kulipiza kila kitu kwa neno moja. Televisheni. Samaki. Lile beseni! Nilikuwa nimelifungulia neno mdomo kabisa. Lakini miaka mitatu ya Jumamosi imenifundisha kitu kimoja tu, na mtu akiulizwa "mpya?" mbele yangu, mdomo unajibu wenyewe.

"Hiyo godoro iko yangu, Hajjati. Ya zamani. Tumempa Mzee."

Hajjati akanigeukia. "Na wewe ni nani?"

"Mtoto wa dada yake huyu wa namba mbili. Kutoka Arua."

"Ya zamani, na iko ndani ya plastiki?"

"Plastiki ni ya harufu, Hajjati. Nilikuwa nakojoa kitandani mpaka darasa la sita. Mama aliifunga ili majirani wasihame."

Mkono wa Hajjati ulikuwa umeshanyooka kuligusa godoro. Ukarudi, tasbihi na yote. "Ingiza haraka," akasema. "Usiache hapo kwa jua!"

Tukaliingiza. Ndani mlikuwa na kigoda, sanduku moja, sahani moja, shati lake la Jumamosi limetundikwa kwa msumari, na sakafuni, chini ya doa la bati, beseni. Ndugu wa lile letu, rangi ileile.

"Mzee," nikamwambia, "hapa ndiyo kwako Koboko?"

"Ndiyo kwangu." Akakaa juu ya godoro, plastiki ikalia. "Wale watu ya shirika waliuliza bei ya nyumba yangu. Mimi nikataja bei kubwa sana, ili waende zao. Wakakubali."

"Sasa si ni vizuri?"

"Vizuri. Lakini nikafikiri: nyumba ya bei ile, mutu kama mimi anakaa ndani namna gani? Mimi hapana weza kulipa." Alilisema kwa mshangao, kama bado anatafuta aliyemfukuza. Pesa je? Pesa zote zinaenda Kampala, akasema, kwa watoto wake watatu wanaosoma chuo. Nao wamepanga. Mwenye nyumba wao, wanamwambia kwenye simu, ni mtu mbaya sana.

Nilitaka kumwomba habari ya friji, lakini kila nilipofungua mdomo alijigeuza na plastiki ikapiga kelele. Nilipoinuka akasema tu, "Mama yako, usimwambie."

"Sitamwambia, Mzee."

Sikumwambia. Friji ilikuja Arua juu ya lori la magunia ya simsim, yaani ufuta, ikasimama chumbani kwetu ikinguruma kama ng'ombe mgonjwa. Juisi ikapoa, wasaliti wa getini wakarudi. Kisha Jumamosi ya kwanza ikafika. Mama aliifunika friji kwa pazia la ushirika na tausi akaanza kutetemeka, akitetemeka zaidi kila injini iliposhika kasi. Karibu na mlango Mama alikuwa ameweka mifuko miwili ya nguo, imefungwa. Ya Pajulu.

Lango likalia. Hewa ikavutwa mara mbili. "Samaki," tukasikia, kisha hatua, kisha fimbo, kisha yeye mlangoni. Akalitazama pazia.

"Habari yako?" akaliuliza. Likatetemeka. "Leo iko na homa?"

Akalifunua kwa ncha ya fimbo. Friji ikajitokeza, nyeupe, imejaa mwanga. Mama alikuwa amenishika bega, na kucha zake nazikumbuka.

"Mama Ayikoru. Hii friji mpya?"

Mwenye Nyumba akainama, akashusha ile pua yake, akaanza kuinusa friji kuanzia juu, mlangoni, mpaka chini kwenye miguu. Akainuka, mkono kiunoni.

"Hapana," akasema. "Hii ya zamani. Inanuka." Akanigeukia, uso umekauka kama wa hakimu. "Nani alikojolea hii?"

"Mimi, Mzee."

"Mpaka darasa la ngapi?"

"La sita."

"Basi. Kodi iko palepale."

Akanywa glasi mbili za juisi baridi, hakulipa hata moja, akaliruka beseni, akaenda chumba cha tatu kuuliza habari za samaki.

Mama aliifungua mifuko polepole, nguo moja moja, akinitazama kila baada ya nguo. Mpaka leo ananiuliza mtoto mwenye akili anawezaje kukojolea friji, na tena miaka yote hiyo, wakati friji yenyewe ilikuwa Koboko. Mimi namwambia ni utoto. Mtihani wangu umebakiza wiki chache, na kengele bado naisikia kutoka kitandani.

Na jina la mzee siliandiki. Hajjati anajua kusoma, na godoro ni la mwaka huu.